Pambo la Mlangoni
Nyumba za kale za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, humpokea mgeni kwenye daka la mlangoni: baraza mbili za mawe zatazamana mbele ya mlango wa nakshi. Nakshi ni ya macho. Baraza ni ya miguu. Waliojenga hawakusahau moja kwa ajili ya nyingine.

Mimi nilisahau. Nilipostaafu, pa kuingilia kwangu nilipajaza kabati la vioo, vikombe na picha za mahafali. Mwalimu mwenzangu, mzee wa mkongojo, alisimama akizisifu huku ameegemea ukuta. Hapakuwa na hata kigoda. Kabati nimelihamisha, nimeweka benchi. Pambo linalomsimamisha mgeni humpamba mwenyeji peke yake.