Wanaosikia Lori Kabla ya Lami

Barabara ya Isiolo hadi Mandera, yapata kilomita 740, inapita Modogashe, Wajir na Elwak. Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wake mwaka 2020, na wenyeji waliokula vumbi miaka mingi hawahitaji kushawishiwa kuhusu faida ya lami.

Lami, hata hivyo, huja na kelele. Ndiyo maana wakadiriaji wa kelele, ambao hakuna anayewataja siku ya kukata utepe, wanastahili pongezi.

Hufanya kazi kabla greda halijawashwa. Huchukua ramani ya kidijitali yenye mwinuko wa ardhi, majengo na mstari wa barabara, kisha huongeza idadi ya magari yanayotarajiwa, mwendo wake na wingi wa malori. Programu hupaka rangi za desibeli hadi mlangoni mwa kila nyumba. Magari yakiongezeka maradufu, kelele hupanda desibeli 3. Umbali ukiongezeka maradufu, hushuka takriban kiasi hicho hicho. Kwenye uwanda wa Garissa, usio na kilima cha kukinga sauti, umbali ndio kinga ya kwanza, na kusogeza barabara ramanini hakuhitaji hata tone la dizeli.

Kipimo kipo: kanuni za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 40 mchana na 35 usiku mahali pa ibada. Ni kiwango kikali mno. Lori moja likibadilisha gia karibu na msikiti alfajiri hukivuka, na ramani humwonyesha mhandisi mapema pa kuchepushia barabara.