Mnenguaji Saa Tisa Alasiri

Saa tisa alasiri baa za Ifakara huwa tupu. Joto la bonde limewarudisha watu majumbani, mhudumu anapanga kreti za bia, na bendi iliyokuja kufuata pesa za mavuno ya mpunga inafanya mazoezi bila mashabiki. Huo ndio wakati wa kumtazama mnenguaji. Usiku atakuwa na taa, na kelele za wanaume waliolewa. Mchana amebaki na kazi yake tu.

Dada niliyemkuta katika ukumbi mmoja alivaa fulana iliyopauka, kanga ameikaza nyongani. Mpiga tumba alianza taratibu. Magoti yakalegea, uzito ukahamia mguu wa kushoto, nyonga ikafuata. Kifua kikatulia, mabega yakatulia. Ungemtwika ndoo ya maji lisidondoke hata tone. Kutikisika anaweza kila mtu. Kazi iko katika kukisimamisha kiuno pale pale tumba inaponyamaza, kisha kukianzisha upande wa pili bila kuwahi wala kuchelewa, na uso usionyeshe kwamba mapaja yanawaka moto.

“Kaka, unanikimbiza,” alimwambia mpiga tumba. Wakarudia. Akamsimamisha tena, akampigia mapigo kwa viganja jinsi anavyoyataka, na yule kijana akayafuata. Nilifurahi sana kuliona hilo, maana watu hudhani mnenguaji anakokotwa na muziki. Pale yeye ndiye aliyekuwa anaukokota.

Dansi letu limempa mnenguaji nafasi yake maalumu. Wimbo huanza polepole, maneno yasikike. Halafu sebene linaingia, rapa anapaza sauti, waimbaji wanarudi nyuma na wanenguaji wanasogea mbele. Kuanzia hapo jukwaa ni lao. Aisha Madinda, mnenguaji aliyevuma na bendi ya Twanga Pepeta, alipofariki Desemba 2014, wapenzi wa dansi walimlilia kwa jina, na ni wacheza shoo wachache waliowahi kupewa heshima hiyo.

Bonde lenyewe linakijua kiuno tangu zamani. Sangula, ngoma ya Wapogoro na majirani zao, huchezwa mchana kweupe mbele ya wazee, na mchezaji hodari hushangiliwa. Ndiyo maana nashindwa kuwaelewa wanaoshangilia ngomani, kisha wakifika ukumbini wanamwita mwanamke yule yule mhuni. Najua ngoma za kanga moja na baikoko zimekemewa sana, na yapo maonyesho yaliyostahili kukemewa. Ila lawama humwangukia mchezaji peke yake. Aliyemtaka apunguze nguo ili viingilio viongezeke hatajwi. Dada yule alinieleza kwamba sharti lake la kwanza kwa kila mwenye ukumbi ni chumba cha kubadilishia nguo chenye komeo. La pili ni malipo kabla ya onyesho. Mtu anayejua thamani ya kazi yake huzungumza hivyo.

Mlangoni lilibandikwa bango la usiku ule. Mwimbaji aliandikwa kwa jina, mpiga solo kwa jina, hata mshereheshaji kwa jina. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: “pamoja na wanenguaji moto”. Jina la dada yule lilistahili kuwa juu, sambamba na la mpiga solo, na ningelipa kiingilio kwa ajili ya jina hilo peke yake.