Mkasi Mdogo wa Los Baños

Ua la mpunga halina makuu. Ni maganda mawili yaliyofumbatana, ndani yake stameni sita. Asubuhi maganda huachana kwa muda mfupi, chavua ikadondoka, yakafumba tena: ua limejichavusha lenyewe. Anayetaka kuuoza mpunga huu kwa mpunga wa mbali lazima aiwahi ndoa hiyo ya nyumbani.

Basi jioni iliyotangulia hukata ncha za maganda kwa mkasi mdogo, kisha kwa kibano huzing'oa stameni zote sita. Ikisalia moja, kazi imeharibika. Suke hufunikwa kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake huletwa suke la dume, likatikiswa juu yake taratibu, kama mtu anayenyunyiza chumvi.

Kwa kazi ya namna hiyo, mwaka 1962, Peter Jennings wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, huko Los Baños, Ufilipino, alichanganya Peta, mpunga mrefu wa Indonesia, na Dee-geo-woo-gen, mfupi wa Taiwan. Zikapatikana punje 130. Zilipooteshwa, miche yote ikawa mirefu. Mwenye pupa angeing'oa. Jennings alipanda tena, na katika kizazi cha pili, kwa kila miche minne, mmoja hivi ukawa mfupi.

Kwa nini ufupi? Mpunga mrefu ukinenepeshwa kwa mbolea hulala matopeni, suke na yote. Kinachourefusha ni homoni ya jiberelini. Wajapani waliifikia kupitia ugonjwa waliouita bakanae, yaani mche mpumbavu: kuvu huujaza mche homoni hiyo, ukakimbilia juu, umepauka, na mara nyingi usizae. Mpunga mfupi una shida ya kinyume. Jeni yake iitwayo sd1 ina kasoro, homoni inatengenezwa kidogo, na chakula ambacho kingeishia kwenye bua kinakwenda kwenye punje.

Wanasayansi waliitambua jeni hiyo mwaka 2002. Henry Beachell, aliyeendeleza kazi ya Jennings, alikuwa amekwisha kuichagua kwa macho, akipita shambani mstari kwa mstari. Mbegu yake ilitolewa kwa wakulima mwaka 1966. Wali wake, kusema kweli, ulikuwa mgumu ukipoa, na walaji walinung'unika. Lakini mpunga wenyewe haukulala. Jina kamili la mbegu hiyo ni IR8-288-3: mseto wa nane, mstari wa 288, mche wa tatu.