Moto wa Pili

Wengi wanaosimama kumtazama mhunzi hutazama nyundo. Mimi hutazama macho yake. Katika vibanda vya jua kali vya Meru na Embu, ambako springi za lori hufuliwa juu ya kipande cha reli zikawa mapanga na majembe, kazi ngumu kuliko zote huanza nyundo ikishawekwa chini.

Ndani ya chuma chembe zimejipanga safu kwa safu, na moto huzipangua. Chuma kitupu hubadili mpango huo kikifika nyuzi 912 za Selisiasi. Chuma cha springi, kwa sababu kina kaboni, huanza mapema, kwenye nyuzi 727 hivi, na mpango mpya una nafasi za kuimeza kaboni hiyo. Kikipoa taratibu, kaboni hujitenga na chuma kinarudia ulaini wake. Kikitumbukizwa kwenye oili kingali chekundu, kaboni hunaswa humo humo, safu zinapindika, na panga linakuwa gumu hata tupa inateleza juu yake.

Mhunzi hana kipimajoto. Ana wekundu tu, na ndiyo maana makaa yake yako kivulini, kwani juani wekundu hudanganya. Makali ni membamba kuliko mgongo wa panga na hupata moto kwanza, kwa hiyo mkono wake hautulii: anavuta, anasukuma, anageuza, mpaka rangi iwe moja kutoka ncha hadi mpini.

Ujuzi huu ni wa zamani huku. Mwaka 1971 Jean Brown aliandika katika jarida la Mila kuhusu uhunzi wa Mbeere ya kusini, eneo ambalo wahunzi wake waliyeyusha mchanga mweusi kupata chuma. Mchanga wa aina hiyo mara nyingi huwa na titani pia, na oksidi ya titani nayo hutii moto: umbo lake liitwalo anatasi, likipashwa kiasi cha nyuzi 600 au zaidi, hugeuka rutili, na likishageuka halirudi hata lipoe vipi. Chuma hurudi, usipokiwahi. Kwa hiyo kutoka kwenye makaa hadi kwenye oili mhunzi hapigi soga na mtu.

Lakini panga lililoishia kwenye oili litakatika likigonga kisiki. Linahitaji moto wa pili, mdogo, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Anasugua panga lote mpaka ling'ae, kisha anaelekeza mgongo kwenye makaa na kusubiri. Karibu na nyuzi 220 unatokea umanjano hafifu, unaoanzia mgongoni. Nyuma yake unakuja udhurungi, halafu zambarau, halafu, karibu na nyuzi 300, bluu. Ni utando wa oksidi unaonenepa kadiri joto linavyopanda, mwembamba kiasi kwamba mwanga unaorudi kutoka juu yake na ule unaorudi kutoka chini yake hukutana na kuzaa rangi. Rangi hizo zinatambaa kuelekea makali, na kila moja inamwambia ni ugumu kiasi gani umebaki.

Zambarau ikigusa makali, panga linaingia majini papo hapo. Akichelewa, bluu imeshafika, makali yatapinda kwenye mti wa kwanza, na itambidi aanze upya kwenye wekundu.