Ufundi wa Sakuraba

Tarehe 1 Mei 2000, ndani ya Tokyo Dome, Kazushi Sakuraba na Royce Gracie walipigana dakika 90: raundi sita za dakika 15. Masharti yalidaiwa na familia ya Gracie yenyewe, kwamba raundi zisiwe na ukomo na refa asisimamishe pambano. Walikuwa na sababu ya kujiamini. Tangu 1993 Royce alikuwa ametwaa mashindano ya mapigano huria ya UFC mara tatu, akiwashinda wanaume waliomzidi uzito kwa jujitsu ya nyumbani kwao Brazil.

Sakuraba, mzaliwa wa Akita, alitokea kwenye mieleka ya maonyesho, ambayo mshindi wake hupangwa mapema. Kumdharau kulikuwa rahisi. Lakini kabla ya hapo alishapigana mieleka ya ridhaa chuoni, na katika kambi ya mwanamieleka Nobuhiko Takada alifundishwa na Mwingereza Billy Robinson, fundi wa kukamata na kusokota viungo.

Hapo ndipo penye utamu. Mtu akikudaka kiunoni kutoka nyuma, kwa kawaida umekwisha: kinachofuata ni kubwagwa. Kwa Sakuraba, adui alikuwa amemletea mkono. Alikidaka kifundo cha mkono huo, akauzungushia mkono wake wa pili mpaka akajishika kifundo chake mwenyewe, kisha akageuka mwili mzima. Nguvu ilitoka nyongani. Bega la mpinzani likisokotwa kuelekea mgongoni, ama agonge sakafu kusalimu amri, ama kiungo kiachie.

Mbinu hiyo ni kimura, ya mwanajudo Masahiko Kimura, aliyeitumia Brazil mwaka 1951 kumvunja mkono Hélio Gracie, babake Royce. Novemba 1999 Sakuraba alikuwa amemkamata nayo Royler, kakake Royce. Royler akagoma kusalimu amri, refa akaingilia. Ndiyo sababu ya yale masharti ya Tokyo Dome.

Royce mwenyewe hakunaswa na kimura. Alichoshwa. Sakuraba alilishika vazi lake la jujitsu na kulitumia kumvuruga, akampiga mateke ya miguu raundi baada ya raundi, hadi mwisho wa ile ya sita kona ya Gracie ikarusha taulo. Mashindano yalikuwa ya mtoano, hivyo usiku huohuo Sakuraba akarudi ulingoni kukabiliana na Igor Vovchanchyn, mzito kuliko yeye, akahimili dakika 15 nyingine kabla ya kona yake kumsalimisha. Ujasiri huo unastahili heshima, ingawa mwandaaji mwenye huruma asingeuruhusu.

Agosti mwaka huohuo ikawa zamu ya Renzo Gracie. Raundi ya pili ikiwa imebakiza sekunde chache, Renzo alikuwa nyuma ya Sakuraba, amemkumbatia. Sakuraba akaukamata mkono, akazunguka, wakaanguka pamoja, kiwiko cha Renzo kikateguka. Renzo hakugonga sakafu, refa ndiye aliyemaliza pambano. Baadaye Renzo akachukua kipaza sauti na kukiri mbele ya Wajapani wote ukumbini kwamba usiku ule Sakuraba alikuwa bora kuliko yeye.