Ngome Iliyojengwa Kinyume: Kuhusu Filamu The Keep ya Michael Mann

Ziko filamu ambazo kila anayezisifu huanza kwa kuziombea radhi. The Keep, iliyoongozwa na Michael Mann na kutolewa Marekani mwezi wa Desemba 1983, ni mojawapo. Wasomaji wetu waliozoea Kifaransa huenda wanaifahamu kwa jina la La Forteresse noire. Riwaya iliyoizaa, ya F. Paul Wilson (1981), ilitafsiriwa kwa Kifaransa kwa jina la Le Donjon. Filamu hiyo ilianguka sokoni, ikashutumiwa na wahakiki wengi wa wakati wake, na mtunzi wa riwaya hakuficha uchungu wake. Hata hivyo ilijipatia wafuasi waaminifu, ambao kwa miaka mingi waliipokezana katika kanda za video. Wafuasi hao wana hoja moja wasiyochoka kuirudia, nayo ni kwamba toleo la kwanza la Mann lilizidi saa tatu, kwamba studio ya Paramount ililikata hadi kubaki dakika 96, na kwamba siku sehemu zilizokatwa zitakapopatikana, kito kilichofukiwa kitang'aa.

Sisi hatuoni hivyo. Ni kweli kwamba mkasi ulipita, na ulipita vibaya. Lakini jeraha kubwa la filamu hii halikutoka katika chumba cha uhariri; lilikuwamo tayari katika mswada, pale mwongozaji alipochagua kipi atwae katika riwaya na kipi aache. Alitwaa alama zote: misalaba, kuta, maandishi ya kale. Aliacha kazi ya kuzisoma. Jambo hilo linastahili kuangaliwa na watu wa taaluma yetu, kwa kuwa mhusika mkuu wa kisa hiki ni mwalimu wa chuo kikuu, na kinachompa nafasi ya kuishi ni uwezo wake wa kusoma lugha iliyokufa.

Tueleze kisa kwa ufupi. Mwaka 1941, kikosi kidogo cha jeshi la Ujerumani chini ya Kapteni Woermann (Jürgen Prochnow) kinatumwa kulinda njia ya mlimani huko Romania, nchi ambayo wakati huo ilikuwa upande wa Hitler. Kinapiga kambi katika ngome ya kale. Askari wawili wenye tamaa wanang'oa msalaba ukutani wakidhani ni fedha, na kitu kilichofungiwa humo kinaamka. Askari wanaanza kuuawa usiku baada ya usiku. Anafika Meja Kaempffer wa SS (Gabriel Byrne), ambaye dawa yake pekee ni kuwapiga wanakijiji risasi. Maandishi yasiyosomeka yanapoonekana ukutani, padri wa kijiji anawashauri Wajerumani wamlete Profesa Cuza (Ian McKellen), Myahudi mgonjwa asiyeweza kutembea, ambaye tayari yumo mikononi mwa Wanazi. Analetwa pamoja na binti yake Eva (Alberta Watson). Huku nyuma, mgeni aitwaye Glaeken (Scott Glenn) anaamka Ugiriki na kufunga safari kuja kulizuia zimwi hilo, ambalo jina lake ni Molasar.

Tuanze na sifa, kwani sifa za filamu hii si za kubahatisha. Woermann anapoikagua ngome kwa mara ya kwanza anatambua jambo linalomsumbua: mawe madogo yako nje, mawe makubwa yako ndani. Ngome ya kawaida hujengwa ili kumzuia adui asiingie. Hii imejengwa ili kitu kisitoke. Hakuna damu wala kelele katika onyesho hilo. Kuna afisa anayetazama ukuta kwa jicho la fundi, na mlinzi mzee anayemjibu kwa maneno machache kuhusu kazi aliyorithi ya kuitunza misalaba 108 bila kujua kwa nini. Hofu inaingia kwa njia ya hesabu ya mawe. Tumeona filamu nyingi za kutisha zilizotumia mapipa ya rangi nyekundu bila kufikia nusu ya taharuki hiyo.

Baadaye kidogo linakuja onyesho ambalo wapenzi wa filamu hii hulitaja kwanza, na wana haki. Askari mwenye tamaa anapenyeza kichwa na mabega katika tundu alilolifungua nyuma ya msalaba. Kamera inaanza kurudi nyuma kutoka kwake, ndani ya giza, polepole, mbali zaidi na zaidi. Taa yake inakuwa nukta, na mtazamaji anaelewa kwamba nyuma ya ukuta ule hakuna chumba bali pango kubwa, na kwamba kamera inarudi kuelekea mahali penye kitu kinachomngoja. Kisha mwanga unatoka kilindini na kupanda kumfuata. Hapa mahali penyewe ndipo panaposimulia, bila mtu yeyote kutueleza lolote. Msanifu wa mandhari alikuwa John Box, yule wa Lawrence of Arabia, na mpigapicha alikuwa Alex Thomson, aliyekuwa ametoka kupiga Excalibur. Maonyesho ya nje yalipigwa Wales, katika machimbo ya mawe yaliyoachwa karibu na Llanberis. Na kwa hakika jiwe lile jeusi lenye unyevu linaigiza vizuri kuliko baadhi ya waigizaji. Muziki wa Tangerine Dream, kundi la Wajerumani ambalo Mann alikwisha kulitumia katika Thief (1981), umewakera wengi kwa kuwa ni wa vyombo vya umeme katika kisa cha 1941. Kwetu sisi unafaa: unaiondoa filamu katika historia na kuitia katika ndoto, na mlinzi mzee amekwisha kutuambia kwamba kinachowafukuza watu humo usiku si mizuka bali ndoto.

Jina lenyewe lina fumbo ambalo halikuwezekana kupita katika Kifaransa. Neno la Kiingereza linataja mnara wa ndani wa ngome, na papo hapo ni kitenzi cha kuweka, kutunza na kuzuilia. Donjon na forteresse ni majengo tu. Kiswahili, kwa bahati ya historia, kina neno linalokaribia zaidi. Gereza, wanaisimu wanatufundisha, limetokana na igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Pwani ya Afrika Mashariki likawa ngome, kama Gereza la Kilwa Kisiwani, kisha likawa nyumba ya wafungwa. (Huku kwetu, mtu wa kawaida atasema boloko.) Kanisa, ngome, kifungo: jengo lenye misalaba ukutani, boma kwa nje, kizuizi kwa ndani. Tungeulizwa kuitafsiri filamu hii, tungeiita Gereza bila kusita.

Kasoro sasa. Tutazipitia haraka, maana nyingi zinaonekana kwa macho. Molasar anapendeza akiwa moshi na mwanga. Akipata misuli na ngozi, mchoro wake wa awali ukiwa umetokana na Enki Bilal, yule mchoraji anayejulikana vyema na wasomaji wa hadithi za picha za Kifaransa, bado anavumilika. Akikamilika anakuwa mtu mnene aliyevaa mpira, mwenye macho mekundu, na hofu yote inageuka kuwa udadisi kuhusu fundi wa mavazi. Glaeken na Eva wanakutana na kulala pamoja katika muda ambao majirani wangeutumia kuamkiana. Katika riwaya binti huyo, anayeitwa Magda, ana kazi yake na akili yake, na amekusanya nyimbo za Wagipsi. Katika filamu amebakiwa na uso wa kusikitika. Mwisho ni wa pupa, miale ya mwanga kwa miale ya mwanga. Hapo tuwe waadilifu: Wally Veevers, fundi wa picha za hila aliyewahi kufanya kazi katika 2001: A Space Odyssey, alifariki mwaka 1983 kabla ya kazi kwisha, na mengi ya mwisho huo hayakuweza kukamilishwa kama yalivyopangwa.

Lakini hayo ni majeraha ya ngozi. Tuje kwenye mfupa.

Katika riwaya ya Wilson, Molasar anajitambulisha kwa Cuza kama kabaila wa kale wa nchi ile, mnyonya damu wa kawaida kama tunavyowajua katika ngano za Ulaya ya Mashariki. Anarudi nyuma kwa hofu mbele ya msalaba. Cuza, Myahudi aliyeishi maisha yake yote kwa akili na vitabu, anaona jambo hilo na imani yake inatikisika: ikiwa kiumbe wa giza anaogopa msalaba, basi labda Wakristo ndio wenye haki, na yeye na wazee wake walikosea. Kumbe alama ile si msalaba. Ni mfano wa mpini wa upanga, upanga wa Glaeken, silaha iliyomshinda zimwi zamani, kabla ya dini hizi zote. Profesa ameona kiashiria akakiambatanisha na kiashiriwa kisicho chake. Msomi mkubwa kuliko wote mle ngomeni anapotoshwa na kosa la kusoma, na Molasar, anayelifahamu kosa hilo, analilisha kila usiku.

Hilo ndilo fumbo lililoshikilia riwaya, ambayo kwa lugha yake si kitabu cha ajabu. Wilson ni daktari aliyeandika kwa ufundi wa kawaida, sura fupi na taharuki ya kupimwa. Mann hakutaka hadithi ya mnyonya damu. Tunaelewa: mwaka 1983 mhusika huyo alikuwa amechakaa. Alitaka ngano pana zaidi, isiyo na nchi. Ila alipomwondoa mnyonya damu wa uongo aliondoa na uongo wenyewe. Misalaba ikabaki ukutani, mizuri, ikiwaka katika ukungu, bila mtu wa kuikosea maana. Hata saa zilizokatwa zikirudishwa zote kesho, ujenzi huo hautarudi pamoja nazo.

Kilichobaki kwa Cuza ni mapatano, nayo bado yana uzito. Molasar anamwokoa Eva mikononi mwa askari wawili waliomvamia. Kisha anamgusa profesa na ugonjwa unaondoka. McKellen, aliyekuwa kikongwe kitini, anasimama akiwa mtu wa makamo. Anachoombwa ni kidogo: atoe nje kitu kimoja kilichofukiwa, na Molasar atakwenda kuwaangamiza wale wanaowaangamiza watu wake. Rafiki yake padri anamwona amepotoka. Cuza ana jibu, nalo si la kipumbavu: Ibilisi anayemjua yeye hana pembe wala mkia, amevaa sare nyeusi na ana cheo cha kijeshi. Mtu wa namna hiyo, aliyetolewa kambini ili asome sentensi moja kisha arudishwe, atakataa mkono gani?

Wengi waliolelewa katika Kiswahili wamesikia kisa cha mvuvi wa Alfu Lela Ulela aliyevua chungu cha shaba chenye muhuri wa Nabii Suleimani, akamfungulia jini. Mvuvi alijiokoa kwa sababu tangu mwanzo jini alimwambia wazi kwamba atamuua. Alijua anashughulika na nani. Cuza hana bahati hiyo. Jini wake amekuja na shukrani, na matibabu, na jina la ukombozi. Methali yetu inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Msomi huyu anaamini kwamba kujuana kwa siku mbili tatu kunatosha. Wasomaji wa bulletini hii, katika nchi ambayo wakombozi wamefika zaidi ya mara moja wakiwa na mikono iliyojaa, hawahitaji maelezo marefu juu ya ushawishi huo, wala hawana sababu ya kumcheka.

Inasikitisha basi kwamba mapatano haya, ambayo yangepaswa kuchukua theluthi ya filamu, yamepewa maonyesho machache ya harakaharaka. Hapa, na hapa tu kwa maoni yetu, hoja ya wafuasi kuhusu mkasi ina nguvu: mtu anahisi kwamba kati ya Cuza anayetilia shaka na Cuza anayetii palikuwa na mazungumzo ambayo hatukuonyeshwa. McKellen anajaribu kuujaza ufa huo kwa sauti kubwa na mikono inayotetemeka. Baadhi ya wanafunzi tuliotazama nao walimwona amezidisha. Sisi tunaona mwigizaji aliyeachiwa ngazi isiyo na vidato vya kati, naye akalazimika kuruka.

Hata hivyo anapewa onyesho moja la mwisho, nalo ni la kweli. Amekibeba kile kitu mpaka karibu na mlango wa pango. Eva anamzuia. Molasar anaamuru: muue. Profesa anasimama, anamtazama binti yake, kisha anamgeukia yule aliyemponya na kumuuliza swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angemuuliza mwalimu wake: ikiwa kitu hiki ni chako, na una nguvu zote hizi, kwa nini usikichukue mwenyewe? Mle gerezani, kwa mara ya kwanza, mtu amesoma alama kwa usahihi. Molasar hana jibu. Anampiga, na uzee wote na ugonjwa wote vinamrudia palepale, kifaa kikiwa bado ndani ya kuta.