Nani Anunue Chaki? Msaada wa Kigeni na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikukataza msaada wa nje. Lilikataza kuutegemea. Katika maandishi tofauti hiyo ni nyembamba. Katika utekelezaji ni pana sana, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinatuonyesha upana wake.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, na hatimaye vikazidi 50. Mtu mzima alichaguliwa na kijiji chake, akajifunza useremala, uashi, ushonaji, kilimo na siasa, kisha akarudi kuwatumikia wenzake.

Wapo wanaosema kosa lilikuwa kuazima wazo la Ulaya. Hoja hii ni nyepesi. Kule Skandinavia vyuo vya namna hii vilianza karne ya 19, navyo vilikuwa vya watoto wa wakulima, si vya mabwana. Wazo la kuwaelimisha wakulima wabaki wakulima wenye uwezo linapatana kabisa na Elimu ya Kujitegemea. Tatizo halikuwa wazo. Lilikuwa chaki.

Tunasema chaki kwa makusudi. Jengo likishajengwa limejengwa. Lakini chaki, mbao za mazoezi, dizeli na unga wa wanafunzi huisha kila wiki, na anayevilipia ndiye mwenye chuo, hata kama hati inasema vingine. Mfadhili akivilipia, mkuu wa chuo huzoea kuandika taarifa kwenda juu, na juu kwenda ng'ambo. Wanakijiji hawaletewi hesabu yoyote. Basi wao nao hukiita chuo "cha Wasweden", na wana haki.

Msaada huo ulipopungua katika miaka ya 1990, Serikali nayo ilikuwa imekwisha kubanwa na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa tangu 1986. Mashine zikakosa vipuri. Mwanakijiji aliyekuwa mjumbe wa wenzake akageuzwa mlipa ada, na mlipa ada hutafuta cheti cha kumpatia kazi mjini. Nani atamlaumu?

Kibaha ilikwenda njia nyingine. Mapatano na Denmark, Finland, Norway na Sweden yalifanywa mwaka 1963. Mwaka 1970 shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima vikakabidhiwa kwa Serikali. Tusiipambe mno, maana ni kituo kimoja kilicho karibu na Dar es Salaam. Lakini makabidhiano yalikuwepo, na mwenye mali akajulikana.

Hivyo, kila mapatano ya msaada wa elimu yanapoletwa mezani, wajumbe wetu wasianze na jumla ya fedha. Waanze na kifungu cha gharama za kuendeshea: mwaka gani mfadhili anaacha kununua chaki, nani anaanza, na kwa mazao au kodi ipi. Kama kifungu hicho hakimo, mapatano yarudishwe yakaandikwe upya.